Bafu la milioni saba: israfu iko wapi?

KUNA swali ambalo sisi walimu wa dini tunaulizwa sana mijini siku hizi, na wala halihusu talaka au mirathi. Linahusu bafu. Mtu alijenga nyumba yake miaka kumi na tano iliyopita, akaezeka na kuhamia haraka ili aikimbie kodi ya mwenye nyumba, choo akakiacha na sakafu ya saruji na pipa la maji kwenye kona. Leo Allah (s.w.) amemfungulia riziki, watoto wamemaliza shule, naye anataka kukarabati. Anataka vigae kuanzia sakafuni mpaka darini, sinki lenye kabati, kioo kikubwa chenye taa, bomba la mvua, hita ya maji na choo cha kukaa cha kuflashi. Anakwenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Gerezani, anaandikiwa orodha, anajumlisha, inafika shilingi milioni saba. Hapo ndipo anaposita. Anamtafuta ustadhi na kumuuliza: hii si israfu?

Mimi nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, na baada ya Magharibi nina darasa la watu wazima msikitini. Swali hili nimeulizwa na mfanyabiashara, nimeulizwa na mwalimu mwenzangu, na nimeulizwa na kijana anayejiandaa kuoa. Kwa kuwa ni swali linalorudi kila mara, nimeona nilieleze hapa kwa urefu, kwani majibu mawili yanayozunguka mitaani yote hayatoshi.

Jibu la kwanza ni la wale wanaosema kwamba choo ni makazi ya mashetani, na ndiyo maana tukiingia tunaomba dua ya kujikinga. Sasa iweje Muislamu amwage mamilioni kupamba mahali pa mashetani huku watoto wa madrasa wamekaa kwenye mkeka uliochanika? Jibu la pili ni la wale wanaosema pesa ni yako, umeichuma kwa halali, zaka umetoa, basi usiulizwe na mtu. Wa kwanza anamfanya mtu aone haya kwa jambo ambalo dini haikumuonea haya. Wa pili anamwambia hakuna hesabu, na hesabu ipo.

Tuanze na huyu wa kwanza. Dua ya kuingia chooni ni kweli ipo, na imethibiti. Lakini dua ile ni ya kinga, haina ndani yake amri ya kukiacha choo kiwe kibovu. Tena ukitazama vizuri, uchafu na maji yaliyotuama ndiyo hasa mambo ambayo sharia imetutaka tuyakimbie. Sote tunaijua Hadithi ya makaburi mawili aliyoyapitia Mtume (s.a.w.), akaeleza kwamba mmoja wa waliomo anaadhibiwa kwa sababu hakuwa akijikinga na mkojo. Basi fikiria choo ambacho sakafu yake imebonyea katikati, maji yanasimama, kila ukichota kopo linakurukia gotini. Mtu wa namna hiyo anatoka chooni na shaka, anakwenda kuswali na shaka, na waswasi ukishamshika hautoki kwa wiki moja. Fundi akimsawazishia sakafu ikashuka sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, huyo amemsaidia katika swala yake.

Wanachuoni wetu wa mwanzo waliliona jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa mahali anapoogea kwa kuwa waswasi mwingi hutokana na hapo. Ibn Majah, aliyefariki mwaka 273 Hijria, baada ya kuitaja Hadithi hiyo katika kitabu chake akaeleza maneno aliyoyasikia kwa sheikh wake, Ali bin Muhammad at-Tanafisi. Sheikh huyo alifafanua kwamba katazo lile lilihusu mabafu ya shimo la udongo, lakini katika zama zao watu walikwisha kuyajenga kwa lipu na lami, hivyo mtu akikojoa kisha akamwagia maji, hapana ubaya. Ndugu msomaji, tazama jinsi faqihi wa karne ya tatu anavyojua bafu la wakati wake limesakafiwa kwa kitu gani, na anavyoona kwamba sakafu ikibadilika na hukumu inaangaliwa upya. Huyu hakuona kwamba habari za ujenzi wa bafu ni upuuzi usiomstahiki mtu wa elimu.

Ama uzuri, Suratul A'raf aya ya 31 inatutaka tule na tunywe bila kuvuka mpaka, na aya inayofuata, ya 32, inawauliza kwa ukali wale wanaoharamisha pambo ambalo Allah amewatolea waja wake. Aya hizi mbili zimekaa bega kwa bega na haifai kusoma moja na kuifunika nyingine. Vilevile katika Sahih Muslim, mtu mmoja alitaja kwamba mwanadamu hupenda nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kigae cha rangi ya bahari hakina kosa lolote.

Wala tusidhani kwamba bafu zuri ni jambo lililokuja na makontena ya jana. Watu wa mwambao huu walikuwa na vyoo na mahali pa kujisafishia ndani ya nyumba za mawe karne nyingi zilizopita, na magofu ya Gedi karibu na Malindi yapo, anayetaka akaone. Katika nyumba za kale za Lamu bafu lilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa ustadi, na ndani yake wakifuga visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu. Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote mjini, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Wazee wale walipenda starehe ya maji, na walikuwa Waislamu wa swala tano. Nasikitika ninapoona mtoto wa mwambao anaamini kwamba unadhifu wa bafu ni wa wazungu na wa kwetu ni pipa lenye kutu.

Sasa tuje kwa huyu wa pili, wa pesa ni yangu. Huyu namuomba afungue Suratul Israa, aisome kuanzia aya ya 23. Aya ya 23 na ya 24 zinazungumzia wazazi wanapofikia uzee wakiwa mikononi mwetu, tusiwakemee wala kuwaonyesha kuchoka. Aya ya 26 inataja haki ya jamaa wa karibu, masikini na msafiri, na hapo hapo inakataza ubadhirifu. Ya 27 inawataja wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Aya ya 29 inakataza mkono uliofungwa shingoni kwa ubakhili na mkono uliokunjuliwa mpaka ukaisha.

Kila Ramadhani tunahutubiwa aya ya 27 peke yake, imekatwa kutoka katika mahali pake. Ukiirudisha mahali pake unakuta kwamba kabla Qur'an haijafika kwa mbadhirifu, imekwisha kukupitisha kwa mama yako mzee, kwa jamaa yako, kwa masikini na kwa mpita njia. Naona mpangilio huu una mafunzo. Anayetaka kujua kama amefuja, aanze kwa kuwatazama hao.

Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amepokewa akisema jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mas-ala haya. Maana yake ni kwamba mtu akitoa mali yake yote katika haki hahesabiwi kuwa mbadhirifu, na akitoa mudd moja tu pasipokuwa haki amekuwa mbadhirifu. Mudd ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa. Maana yake ni nini? Ni kwamba milioni saba si namba yenye hukumu. Huwezi kuitazama risiti ya dukani ukasema hii ni israfu au hii si israfu kabla hujauliza fedha hiyo imekwenda kufanya nini na nani ameumia. Kwa kipimo hicho, kuna kitu cha shilingi elfu thelathini katika ukarabati wa bafu ambacho ni ubadhirifu mkubwa kuliko vigae vyote. Nitakieleza mbele.

Mwaka jana mzee mmoja wa darasa langu, mtu wa makamo, aliniletea mchoro wa fundi. Nyumba yake iko Tabata, kwenye mteremko. Mchoro ulikuwa mzuri kweli: bafu la ndani ya chumba chake linapanuliwa kwa kula sehemu ya stoo, vigae vya kung'aa kama kioo, na kwenye kona jakuzi. Nikamuuliza, "Mzee wangu, nyumbani mnaishi wangapi?" Akanihesabia: yeye na mkewe, watoto watatu, dada wa kazi, na bi mkubwa wake aliyehamia kutoka Rufiji baada ya baba yao kufariki. Nikamuuliza bi mkubwa anaogea wapi. Akanijibu kwamba anaogea kwenye bafu la koridoni, lile la zamani.

"Na hilo la koridoni liko katika mchoro?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ustadhi, hilo tutaliangalia awamu ya pili."

Bafu la koridoni lilikuwa na choo cha kuchuchumaa, kizingiti cha inchi nne mlangoni na taa iliyoungua. Bi mkubwa ana baridi yabisi ya magoti. Usiku akitaka kwenda haja anamuamsha mjukuu amshike mkono, na kwa kuwa ni mtu mwenye haya, amejizoeza asinywe maji baada ya Alasiri ili asiwasumbue watu. Sikuambiwa haya na mzee yule. Niliambiwa na mjukuu mwenyewe, ambaye ni mwanafunzi wangu.

Hapo ndipo nasema kwamba sharia haikumkataza mzee huyu starehe. Ilimtaka ajue starehe inaanzia kwa nani. Mtu mwenye magoti mazima anaoga popote. Mwenye starehe ya kweli ya kupata katika ukarabati ni yule ambaye bafu la sasa linamtesa au linamtia hatarini. Anayehitaji choo cha kukaa ni bi mkubwa. Bomba la chuma lililopigwa ukutani kwa boliti kando ya choo ili ashikilie anaponyanyuka ni lake yeye. Kizingiti kivunjwe ili miguu isijikwae. Vigae vya sakafuni viwe vya mkwaruzo, maana vile vya kung'aa vikilowa na povu la sabuni hugeuka barafu, na kwa mtu wa umri ule kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga mara nyingi ndiyo mwanzo wa kutosimama tena. Mlango ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka ndani akauegemea mlango unaofungukia ndani, hamuwezi kumfikia mpaka mvunje. Mambo haya yote fundi anayajua, ila hawezi kumwambia tajiri wake kama hakuulizwa. Tajiri akiuliza rangi, fundi naye atajibu rangi.

Nilimwambia pia kuhusu hita. Dar es Salaam hii ya Januari sijui kijana mzima anataka maji ya moto ya nini, lakini kwa mzee mwenye baridi yabisi anayetawadha kwa ajili ya Alfajiri mwezi wa Julai, maji ya uvuguvugu ni rehema. Hita ile ile moja kwa mmoja ni pambo na kwa mwingine ni haja.

Na dada wa kazi? Katika nyumba zetu nyingi yeye ana choo cha nje, kile walichokuwa wakitumia mafundi wakati wa ujenzi, mlango wa bati usio na komeo. Asubuhi ndiye anayesugua vigae vya ndani kwa dawa kali, jioni anakwenda kuoga nje gizani. Binti huyu ni amana. Sitara yake ni sawa na sitara ya binti yako, na komeo ni bei ya soda mbili. Sina haja ya kurefusha hapa, kila mmoja anajua choo cha nje cha nyumbani kwake kikoje.

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama likifanywa mapema na lina gharama kubwa likichelewa, nalo ni kibla. Mtume (s.a.w.) amekataza kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Sahaba Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) ameeleza kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa vikielekea kibla, ikawa wao wanajipinda humo na kumuomba Allah msamaha. Wanachuoni wametofautiana, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i ambayo wengi wetu huku tunayafuata, ndani ya jengo lililokusudiwa kwa ajili hiyo si haramu, lakini kujiepusha ni bora. Sasa sisi wa Dar es Salaam Makka iko karibu kabisa kaskazini mwetu. Basi choo kikiangalia mashariki au magharibi suala limekwisha. Mwambie fundi bomba siku anayopima, kabla hajachimba mtaro wa bomba, na hutalipa hata senti. Ukikumbuka baada ya vigae kukauka, utafanya kama Abu Ayyub, kujipinda kila siku.

Tuje kwenye maji, kwa sababu hapa bafu la kisasa linatuhukumu. Anas (r.a.) amepokea, na Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja na akioga kwa pishi moja, yaani mudd nne, hadi mudd tano. Kwa hesabu ya wengi mudd haifiki lita moja. Kwa hiyo kuoga kwake kulikuwa pungufu ya ndoo ndogo ya lita tano. Na kuna mtu aliyelalamika mbele ya Jabir (r.a.) kwamba pishi moja haimtoshi kuoga, Jabir akamjibu kuwa ilikuwa ikimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na mbora kuliko yeye. Jibu hilo limetosha.

Mimi nilishika ndoo ya lita 20 chini ya bomba la mvua la kawaida, saa mkononi. Ilijaa kwa dakika mbili. Mtu anayekaa chini ya bomba hilo dakika kumi, huku anafikiria mambo yake, amemwaga lita 100, ambazo ni madumu matano. Zidisha kwa watu saba. Matangi ya zamani ya kuflashi humwaga lita tisa au zaidi kila ukibonyeza, wakati ya sasa yenye vitufe viwili humwaga kama lita tatu kwa haja ndogo na sita kwa kubwa. Hapa ndipo kifaa cha bei ya juu kidogo kinapokuwa uchaji Mungu kuliko cha bei rahisi. Mwenye kusema nunua rahisi usifanye israfu, anakuokolea fedha siku moja na kukufujisha maji miaka kumi.

Siwataki watu waoge kwa lita nne. Hakuna mwanachuoni aliyelazimisha hivyo, na joto letu tunalijua. Lakini sote tulikuwepo Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia katika mgao wa maji. Watu waliamka usiku wa manane kusubiri bomba litoe. Wenye matangi makubwa na visima waliendelea kuoga kama kawaida, na jirani aliyekuja na ndoo mbili akaambiwa pampu imeharibika. Na wale wenye jakuzi, nimecheka niliposikia, walizigeuza kuwa mapipa ya kuhifadhia maji. Pengine hiyo ndiyo siku pekee zilipofanya kazi ya maana.

Kuhusu jakuzi na mabomba ya rangi ya dhahabu, na desturi iliyoingia ya kumtembeza mgeni mpaka chumbani aone bafu, sina maneno mengi. Mahali pa sitara pakigeuzwa kuwa pa maonyesho, mwenyewe anaijua nia yake. Na anayekopa kwa riba ili apate kigae, huyo hata swali la israfu hajalifikia, amekwama kwenye lililo kubwa zaidi.

Nimeahidi kueleza kitu cha shilingi elfu thelathini. Ni kipande cha bomba la plastiki.

Nyumba ya yule mzee wa Tabata ilichimbiwa shimo la choo miaka kumi na tano iliyopita, kwa familia ya watu wanne wanaojitawaza kwa kopo na kuoga kwa ndoo. Shimo la namna hiyo linapokea maji kidogo, ardhi inayanywa pole pole, mambo yanakwenda. Sasa unaleta bomba la mvua, choo cha kuflashi, mashine ya kufulia, watu saba. Maji yanayoingia shimoni yanaongezeka maradufu na zaidi, na udongo ulioziba kwa mafuta na sabuni hauyanywi tena. Baada ya miezi michache shimo limejaa. Gari la maji taka ni ghali na linataka foleni. Ndipo anapotokea mtu wa kumshauri: toboa juu ya shimo, weka kipande cha bomba, kielekeze bondeni, kifunike na jiwe. Mvua kubwa ikinyesha usiku unaondoa jiwe. Mjini tunaita kutapisha choo, na kila mtu analijua neno hilo, jambo ambalo peke yake ni aibu.

Chini ya mteremko kuna nyumba. Kuna mama anayekaanga mihogo kibarazani, na watoto wanaocheza kwenye mfereji asubuhi baada ya mvua. Kuna msikiti mdogo ambao watu wake wanapita katika maji yale kwenda Alfajiri, na najisi imo kwenye ndala zao. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi, wengi waliougua hawakuwa wenye vigae. Mtume (s.a.w.) ametuonya tujiepushe na mambo yanayoleta laana, akataja kwenda haja katika njia ya watu na katika kivuli chao. Huyo ni mtu mmoja aliyechuchumaa mara moja njiani. Sasa vipi anayeelekeza haja za nyumba nzima, kwa bomba la kudumu, mlangoni kwa jirani? Na tunaijua Hadithi ya yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoapa mara tatu kwamba hajaamini.

Hicho kipande cha bomba ndicho mudd ya Mujahid. Ni kitu rahisi kuliko vyote katika orodha nzima, na aghlabu hata hakiandikwi katika orodha. Wala hakuna anayemwendea ustadhi kuuliza hukumu yake. Tunauliza kuhusu kigae kwa sababu kigae kinaonekana, na bafu likimeta tunaona aibu kidogo mbele ya Allah. Lakini bafu lile lile linaweza kuwa safi kwa sababu tu uchafu wake umehamishiwa kwa mtu asiye na sauti, na hapo hatuoni aibu yoyote kwa kuwa tendo hufanyika usiku, mvua ikipiga bati.

Kwa hiyo nimewaambia wanafunzi wangu wa darasa la jioni kwamba anayekarabati bafu aanzie nje. Afunue shimo, amuite fundi alipime na ajue linachukua kiasi gani na linanyonya kiasi gani. Kama ni dogo achimbe la pili, alijengee, aliwekee mfuniko wa zege unaoondoka, na aache njia ambayo gari la maji taka linaweza kufika na mpira wake. Akitenganisha maji ya kuogea na ya choo, yale ya kuogea yakaenda kwenye migomba, shimo litadumu zaidi. Fedha ya gari aitenge kama anavyotenga ada ya shule, kabla ya masika. Hizi ni kazi zisizopigwa picha. Kisha aingie ndani aanze na bafu la koridoni. Kitakachobaki, na kibaki kingi Insha Allah, afanye nacho anachokipenda chumbani kwake, vigae mpaka darini kama roho inataka.

Mzee wa Tabata alikaa na mchoro wake wiki tatu. Aliporudi alikuwa amekata jakuzi na kuongeza shimo, na hesabu ilizidi ile ya mwanzo kwa karibu laki nne. Akaniuliza kama sasa imekuwa israfu, maana imepita milioni saba. Nikamwambia aongeze na taa ya koridoni. Kioo kile kikubwa atanunua mwakani.